Shirika la Washington na bajeti ya Louisville: mzazi aanzie wapi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tukaletwa Louisville, Kentucky. Kwenye mkutano wa wazazi tuliambiwa pesa za wilaya ya shule hazitoshi, na huenda walimu wa Kiingereza kwa watoto wageni na wakalimani wakapunguzwa. Ndugu mmoja kanisani anasema Washington kuna shirika linalotetea shule za miji mikubwa, tuliandikie barua. Je, linaweza kutusaidia? Na kama haliwezi, sisi tusiojua Kiingereza vizuri tumwendee nani?

JIBU: Marahaba, Mama. Huyo ndugu wa kanisani hakukudanganya. Shirika lipo, na linafanya kazi kubwa. Ila halikuundwa kushughulikia malalamiko ya mzazi mmoja mmoja, na barua yenu ikifika huko itajibiwa kwa adabu na mambo yataishia hapo. Pesa mnazozihofia haziko mbali hivyo. Sehemu iko mikononi mwa bodi ya shule hapo hapo Louisville, sehemu iko Frankfort kwenye bunge la jimbo, na sehemu ndogo kuliko mnavyodhani ndiyo iko Washington. Kila sehemu ina msimu wake wa kuamuliwa, na ninaona wazazi wengi wakifika msimu ukiwa umepita.

Nianze na shirika lenyewe, maana lina manufaa kwenu kwa njia ambayo pengine hamkuifikiria. Linaitwa Council of the Great City Schools. Mimi nitaliita Baraza. Lilianzia Chicago mwaka 1956. Wakati huo miji mikubwa ya Marekani ilikuwa ikipokea familia maskini kwa wingi: Wamarekani weusi waliohama kutoka kusini, watu wa Puerto Rico, na weupe maskini kutoka milima ya Appalachia, wengine wakitoka huko huko Kentucky. Wenye uwezo nao walikuwa wakihamia vitongojini, na kodi zao zikahama nao. Wakuu wa shule za miji waliona kwamba kila mmoja anahangaika peke yake na tatizo lile lile, wakaanza kukutana.

Wanachama wa Baraza ni wilaya za shule zenyewe. Kwa kawaida wilaya huingia ikiwa ni ya jiji lenye watu zaidi ya 250,000 na ina wanafunzi zaidi ya 35,000. Nchi nzima ina wilaya za shule zaidi ya 13,000. Zilizomo kwenye Baraza ni zaidi ya 70 tu, zikiwemo New York, Los Angeles, Chicago, Houston, Miami na hiyo yenu ya kaunti ya Jefferson. Lakini hizo chache zinasomesha watoto zaidi ya milioni 7, na takribani robo ya watoto wote nchini wanaojifunza Kiingereza wako humo.

Kila wilaya ina viti viwili kwenye uongozi wa Baraza: cha msimamizi mkuu wa wilaya, na cha mjumbe mmoja wa bodi ya shule. Maana yake ni kwamba Louisville tayari ina sauti huko, na mmoja wa wenye sauti hiyo ni mtu aliyechaguliwa kwa kura za majirani zenu. Mkitaka jambo lenu lifike kwenye Baraza, njia ni yeye. Mjueni kwa jina kabla ya kununua stempu ya barua ya Washington.

Kazi kubwa ya Baraza huko Washington ni kulinda ruzuku zinazotoka serikali kuu. Iliyo kubwa ni Title I, ya shule zenye watoto wengi maskini, iliyoanzishwa na sheria aliyotia saini Rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Siku hizi ni dola zaidi ya bilioni 18 kwa mwaka, na namna inavyogawanywa ni vita isiyokwisha: kigezo kikibadilishwa kidogo tu kwenye fomula, mamilioni yanahama kutoka mjini kwenda vitongojini, au kinyume chake. Mzazi hawezi kukaa kuvizia mabadiliko ya namna hiyo, lazima wawepo watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Baraza pia lilikuwa miongoni mwa waliobisha hodi bungeni mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Bunge likatoa fedha mara tatu ndani ya mwaka mmoja, jumla yake takribani dola bilioni 190.

Hapo ndipo ilipo sababu mojawapo ya pengo mnalolisikia. Zile bilioni 190 ziligawanywa kwa kufuata mgao wa Title I, kwa hiyo wilaya za miji maskini zilipata nyingi kwa kila mtoto. Wilaya nyingi nchini ziliajiri walimu wa ziada, washauri na wakalimani kwa fedha hizo. Lakini zilikuwa na mwisho: kwa fungu la tatu, lililo kubwa kuliko yote, ilibidi kila dola iwe imepangiwa matumizi ifikapo 30 Septemba 2024. Fedha zimekwisha, watu walioajiriwa kwa fedha hizo bado wapo na mishahara yao inaendelea. Wilaya zilizopokea nyingi ndizo zinazoumia zaidi sasa.

Tuje kwenye fedha za watoto wenu hasa. Katika mwaka wa kawaida, kwenye kila dola ya shule za umma nchini, serikali kuu hutoa karibu senti nane hadi kumi. Zilizobaki hutoka jimboni na kwenye kodi za hapo hapo, hasa kodi ya nyumba na ardhi. Ruzuku ya serikali kuu ya watoto wanaojifunza Kiingereza inaitwa Title III. Kiasi chake ni kama dola milioni 890 kwa nchi nzima, na watoto wenyewe ni zaidi ya milioni tano. Gawanya, utapata takribani dola 170 kwa mtoto kwa mwaka.

Na hizo dola 170 hazina uhakika. Tarehe 1 Julai 2025 fedha za Title III zilitakiwa kuanza kwenda majimboni pamoja na ruzuku nyingine. Serikali ikazizuia zote, karibu dola bilioni 7. Majimbo zaidi ya 20 yakaenda mahakamani, wakuu wa shule wa vyama vyote viwili vya siasa wakapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha serikali ikatangaza kuziachia. Bajeti ambayo Rais Trump alipendekeza kwa mwaka wa fedha 2026 ilitaka Title III ifutwe kabisa. Kwa hiyo kazi ya Baraza huko si mchezo. Ila hata Baraza likishinda kila pambano la Title III, linakulindieni dola 170 kwa mtoto.

Sasa tazama Frankfort. Kentucky hugawa fedha za shule kwa fomula iitwayo SEEK. Kila mtoto ana kiwango cha msingi, ambacho kwa mwaka wa masomo 2025-26 ni dola 4,586. Mtoto anayejifunza Kiingereza huongezewa asilimia 9.6 ya kiwango hicho, yaani dola 440 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya Washington. Hata hivyo ni kidogo mno. Darasa la watoto 30 linaleta dola 13,200, na hizo hazikaribii mshahara wa mwalimu mmoja, achilia mbali bima na pensheni yake. Tena kwa kaunti yenye majengo ya thamani kama Jefferson, fomula inadai sehemu kubwa ya kiwango hicho itokane na kodi za wenyeji, na jimbo linajazia kilichopungua. Hivyo mwalimu wa mwanao analipwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa jumla wa wilaya, ambao bodi ya watu saba ndiyo inayoamua utumike wapi.

Mama, nimekutembeza kwenye namba hizi kwa makusudi. Mtu akikuambia «tumepunguza walimu kwa sababu Washington wamekata pesa», sasa unaweza kumwuliza: Washington inatoa kiasi gani hasa, na zile nyingine zimekwenda wapi? Huenda jibu lake likawa la haki kabisa. Lakini lazima litolewe.

Utajiuliza kwa nini nchi tajiri kama hii inaacha elimu ya mtoto itegemee thamani ya nyumba za mtaa anaoishi. Wazazi wa San Antonio, Texas, waliuliza hivyo hivyo mahakamani, na mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ikawajibu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba katiba ya nchi haiwapi haki hiyo. Tangu hapo mapambano yakahamia kwenye mahakama za majimbo, na hapa Kentucky mna historia ya kujivunia. Wilaya 66 zilizokuwa maskini, nyingi za mashambani na milimani, ziliungana zikalishtaki jimbo. Wakili wao alikuwa Bert Combs, aliyewahi kuwa gavana. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Kentucky ikaamua kwamba mfumo mzima wa shule za jimbo ulikuwa kinyume cha katiba ya jimbo. Si fomula peke yake, mfumo mzima. Mwaka uliofuata bunge likaandika sheria mpya, na SEEK ikazaliwa humo.

Hukumu ile ilitaja mambo saba ambayo kila mtoto wa Kentucky anapaswa kuyapata shuleni. La kwanza ni uwezo wa kutosha wa kuwasiliana kwa kusema na kwa kuandika. Nawasihi mlikariri hilo. Mtoto aliyetoka Nyarugusu akikaa darasani bila mtu wa kumfundisha Kiingereza, anakosa kitu cha kwanza kabisa ambacho mahakama ya jimbo hili ilisema ni haki yake. Mkisimama mbele ya bodi au mbunge, hamwendi kuomba hisani.

Sheria za nchi nzima nazo ziko upande wenu. Mwaka 1974, katika kesi ya watoto Wachina wa San Francisco, Mahakama Kuu ilisema kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu vile vile na mwalimu yule yule hakumfanyi awe sawa na wenzake. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria inayozitaka shule zichukue hatua kuondoa kizuizi cha lugha. Sheria ya haki za kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kwa sababu ya taifa mtu alikotoka, imetafsiriwa kwa miaka mingi kuwa inazitaka shule zizungumze na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Mnaweza kusikia kwamba hayo yamefutwa. Kilichofutwa mwaka 2025 ni amri ya rais ya mwaka 2000 kuhusu huduma za lugha, na mwongozo wa 2015 uliofafanua wajibu wa shule. Sheria zenyewe zilipitishwa na Bunge, na rais hawezi kuzifuta kwa kutia saini. Mkalimani kwenye kikao cha mtoto wako bado ni haki yako ya kudai, na ombi hilo liandikwe, hata kama ni kwa Kiswahili.

Kuna jambo dogo linaloniuma kila nikikutana nalo. Unapoandikisha mtoto unapewa fomu inayouliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Wazazi wetu wengi huandika «English», ama kwa hofu kwamba mtoto atarudishwa darasa la nyuma, ama kwa kuona aibu. Mtoto huyo hapimwi Kiingereza, hahesabiwi, na wilaya haipati zile dola 440 wala zile 170 kwa ajili yake. Andikeni ukweli: Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge, chochote kile. Fomu hiyo haihusiani na mambo ya uhamiaji. Na tangu 1982 Mahakama Kuu imeshasema mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya karatasi zake. Mwanao akishapimwa na kuwekwa kwenye programu, shule inapaswa kukujulisha ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, nawe una haki ya kuikataa programu hiyo usipoiridhia.

Sasa nani wa kumwendea. Karibu kabisa na nyumbani kuna chombo ambacho wageni wengi hawakijui: halmashauri ya shule, iliyoletwa na sheria ile ya 1990. Kwa kawaida huwa na mwalimu mkuu, walimu watatu na wazazi wawili. Shule ikiwa na asilimia 8 au zaidi ya wanafunzi wa jamii za wachache, na uchaguzi ukaisha bila mjumbe wa jamii hizo, lazima ufanyike uchaguzi mwingine wa kumpata mzazi wa kuziwakilisha. Wanaopiga kura ya wajumbe wazazi ni wazazi na walezi wa watoto watakaosoma hapo, huhitaji uraia. Sheria ya 2022 ilipunguza nguvu za halmashauri hizi, uteuzi wa mwalimu mkuu na mitaala ukaenda kwa msimamizi mkuu wa wilaya. Bado zina la kusema kuhusu namna nafasi za walimu zinavyotumika ndani ya shule. Watu wa Congo mko wengi Louisville, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa katika shule zake baada ya Kihispania. Kukosa mzazi hata mmoja anayesema Kiswahili kwenye halmashauri ya shule iliyojaa watoto wetu ni jambo mnaloweza kulirekebisha kwenye uchaguzi ujao, bila kumwomba mtu ruhusa.

Juu yake ni bodi ya wilaya, wajumbe saba, kila mmoja na eneo lake. Hapo kura ni ya raia. Mlioletwa kama wakimbizi mnaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, kwa hiyo wengi wenu mnakaribia au mmeshafika. Lakini kusema kwenye mkutano wa bodi hakuhitaji kura. Kunahitaji kujiandikisha mapema na kujua msimu.

Kalenda ya Kentucky iko hivi. Kufikia 31 Januari bodi inapaswa kuwa imeipitia rasimu ya kwanza ya bajeti ya mwaka ujao wa masomo. Kufikia 1 Machi kila shule inaambiwa nafasi za walimu itakazopata. Kufikia 30 Mei bajeti ya muda inapitishwa, na ile ya kutumika hupitishwa kufikia 30 Septemba. Wazazi wengi huja Mei, wakati majina ya walimu watakaoondoka yameshaanza kunong'onwa. Mei mnaweza kuokoa mtu mmoja au wawili kwa kelele. Novemba na Desemba, rasimu ikiwa bado kwenye kompyuta za wahasibu, mnaweza kuokoa idara. Bunge la jimbo nalo hupanga bajeti ya miaka miwili katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili. Ile asilimia 9.6 imeandikwa na wabunge na wabunge wanaweza kuipandisha. Kwa hilo msiende peke yenu. Bowling Green ina wakimbizi wengi, Lexington ina Wakongo wengi, na kuna kaunti za mashambani zenye watoto wa wafanyakazi wa mashamba. Mkumbuke waliolishinda jimbo mwaka 1989 walikuwa wilaya 66.

Nirudi kwa Baraza, maana nilisema lina manufaa. La kwanza ni takwimu. Mtihani wa taifa wa kusoma na hesabu ulikuwa ukitoa matokeo ya nchi na ya majimbo tu, na watoto wa mijini wakifichwa ndani ya wastani. Wakuu wa wilaya kubwa, kupitia Baraza, wakaomba wenyewe wapimwe waziwazi, wakijua fika kwamba namba zitakuwa mbaya. Ilianza mwaka 2002 na Atlanta, Chicago, Houston, Los Angeles, New York na jiji la Washington; Louisville ikaingia 2009; kufikia 2022 zilikuwa wilaya 26. Naliheshimu tendo hilo kuliko yote waliyowahi kufanya, kwa sababu liliondoa kisingizio. Mwaka 2022, baada ya korona, karibu kila mahali alama zilishuka, lakini kusoma kwa darasa la nane Los Angeles kulipanda alama tisa. Mjumbe wa bodi akikuambia watoto wa mjini hawawezi kupanda kwa sababu ya umaskini, una mji wa kumwonyesha.

La pili ni wataalamu. Wilaya mwanachama ikiomba, Baraza hutuma timu ya watu kutoka wilaya nyingine, wenye kazi hizo hizo, kukagua mambo kama usafiri, fedha, elimu maalumu au mafunzo ya Kiingereza, kisha wanaandika ripoti yenye mapendekezo. Wanasema wazi kuliko mshauri wa kukodiwa. Ulizeni kama wilaya yenu ina ripoti ya namna hiyo, na mapendekezo yake yametekelezwa kwa kiasi gani.

La tatu ndilo ningelifuatilia kwanza kama ningekuwa mahali penu. Baraza huwakutanisha mara kwa mara wakuu wa idara za elimu ya watoto wa lugha mbili, wahamiaji na wakimbizi kutoka wilaya wanachama. Watoto wa Kiswahili hawako Louisville tu. Wako Columbus, Buffalo, Des Moines, Houston, Dallas, na kila wilaya inalipa peke yake kutafsiri barua zile zile za chanjo, basi na ripoti za maendeleo. Nendeni kwa mkuu wa idara hiyo hapo kwenu, mumpe ombi moja: alipeleke kwenye kikao hicho wazo la wilaya hizi kushirikiana tafsiri na wakalimani wa Kiswahili, na zirudishe akiba hiyo kwa walimu. Mwambieni pia kwamba Kiswahili cha Uvira na Fizi huko Congo kina namna yake, na karatasi ikitafsiriwa na mtu asiyewajua nyinyi haisomeki. Ombi kama hilo Baraza linaweza kulifanyia kazi, maana limetoka kwa mwanachama.

Kwenye mkutano wa bodi mtapewa dakika chache tu. Chagueni mmoja wenu aseme kwa Kiswahili, mkalimani awe ameombwa kwa maandishi siku kadhaa kabla. Aulize mawili tu: «Mwaka huu wilaya imepokea kiasi gani kwa ajili ya watoto wanaojifunza Kiingereza, kutoka jimboni na kutoka Washington, na zimetumika kumlipa nani? Katika rasimu ya mwaka ujao, nafasi ngapi za walimu hao na wakalimani zinaondoka, na kwenye shule zipi?» Kisha mwachieni katibu wa bodi maswali hayo kwenye karatasi.

Wasipojibu, mkazi yeyote wa Kentucky anaweza kuomba kumbukumbu hizo kwa sheria ya jimbo ya nyaraka za umma, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku tano za kazi. Ombeni rasimu ya bajeti na orodha ya nafasi za kazi za idara hiyo kwa miaka mitatu iliyopita. Zikifika na zikawachanganya, niandikie tena uniambatanishie kurasa hizo, tuzisome pamoja.